Mwaka wa Kweleakwelea

Mama Ndahani tulimzika siku ya Jumanne, na kabla udongo haujakauka juu ya kaburi watu walishaanza kuulizana nani anarudi mjini na gari la nani. Sisemi kwa kulaumu. Kwa umri wangu huu nimezika watu wa kutosha kujua kwamba msiba nao ni kazi, na kazi ikiisha mtu hutaka kwenda kulala. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, miguu imenivimba, nakunywa chai ya rangi iliyokwisha kupoa, ndipo mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya pama alipokuja kukaa kiti cha jirani. Alikaa kwa awamu, kama wanavyokaa watu wenye kiuno kibovu, akashusha pumzi, akanitazama kwa muda. "Zaituni," alisema, "bado unashika kikombe kwa mikono miwili." Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa Mwalimu Anatoli. "Nilidhani umeshakufa," nilimwambia, maana kwa wazee kama sisi hilo si tusi. "Na mimi nilidhani hivyo hivyo juu yako," akajibu. Tukacheka kidogo, kicheko cha watu wasiotaka kujichosha. Alikuwa ametoka Bukoba kwa basi, na kiuno kilikuwa hakijamsamehe. Tuliongea habari za presha, za sukari, za magoti, za watoto wanaopiga simu na wasiopiga. Kisha ndege ikapita juu yetu ikishuka kuelekea Msalato, na katika msiba mzima ni sisi wawili tu tulioinua vichwa. "Pale ndipo tulipokuwa tunapita," alisema. Nikamjibu, "Ndipo." Nimerudi nyumbani, na tangu siku hiyo mwaka ule umenikalia kichwani, kwa hiyo nauandika.

Habari za kwetu Kondoa, nani alinizaa na nani alinisomesha, sina haja ya kuziweka hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimetoka kwenye kozi ya uchapaji, nimepata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja mjini Dodoma, na sikumjua mtu hata mmoja. Nilipata chumba Nkuhungu, kwenye nyumba ya mjane wa Kigogo, Mama Ndahani, wakati ambapo Nkuhungu ilikuwa bado na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Vyumba vilikuwa vitatu kwa mstari, vyote vikitazama ua wenye mwarobaini mmoja na jiko la mawe. Paa lilikuwa la bati na hakukuwa na dari, kwa hiyo kuta ziliishia katikati na kila kilichosemwa kilipita juu. Kushoto kwangu aliishi Mwalimu Anatoli, aliyefundisha biolojia sekondari, mwanamume wa makamo asiyekuwa na mke wala maneno mengi. Nilimsikia akikohoa, akisahihisha madaftari kwa kunong'ona, akiizima redio kabla taarifa ya habari haijaisha. Kulia aliishi Mama Ndahani mwenyewe. Kila alipomaliza kazi zake za jioni alisali kwa Kigogo, akitaja watu mmoja mmoja kwa majina. Sikuielewa lugha, lakini majina hayahitaji tafsiri. Siku moja nikasikia la kwangu, kati ya jina la dada yake na neno ambalo baadaye nilikuja kujua ni mvua. Upepo wa Dodoma unaujua mwenye kuuishi. Ulikuwa ukiingiza vumbi kwenye chakula, kwenye nguo za kazini, hadi kwenye meno. Lakini tangu siku ile niliposikia jina langu likipita juu ya ukuta, nilianza kulala vizuri.

Tulikula chungu kimoja. Mama Ndahani hakuwa na subira na wapangaji wa kupikapika vyungu vidogo vidogo, kila mmoja na moshi wake. Alisonga ugali wa uwele, akapika mlenda au majani ya kunde, siku nyingine akamimina maziwa ya mgando, na sisi wawili tulileta tulichokuwa nacho. Mimi uwele na mlenda nimekua navyo. Mwalimu ndiye aliyepata tabu, mtu aliyelelewa kwa ndizi. Alimeza tonge kama anayemeza kidonge, huku Mama Ndahani akimtazama bila huruma. "Mwalimu, hiyo siyo dawa. Tafuna." Naye hujibu, "Nakula, mama, nakula," macho yamemtoka. Nimeingia kwenye hoteli nyingi nzuri tangu wakati huo, nimelishwa kwenye semina na warsha hadi nikachoka kumwona kuku. Bado nikiwaza neno chakula, kinachonijia ni mikono yetu mitatu kwenye sinia lile la bati lililopinda ukingo, na vumbi la jioni likitulia uani.

Jumapili ndiyo siku iliyokuwa ngumu kwangu. Mama Ndahani alikwenda kanisani kwake, wapangaji wa nyumba za jirani nao wakaenda ya kwao, ofisi imefungwa, na mimi Mwislamu wa peke yangu uani nabaki nasikiliza bati likilia kwa joto. Mwalimu ndiye aliyekuwa wa ajabu. Alikuwa Mkatoliki, lakini kulipokucha tu Jumapili alitoka na mfuko wa turubai begani na darubini shingoni, akarudi mchana amejaa mbigili kwenye suruali. Mvua ya kwanza ya mwaka ilipodondoka, nilimkuta uani akifunga kamba za viatu. Nikamuuliza anakokwenda. "Kupokea wageni," alisema. Nikauliza wageni gani. "Wanaotoka Ulaya, na wengine mbali zaidi ya huko. Huko kwao baridi inaingia sasa. Ukitaka kuwaona, vaa viatu, siyo ndala." Nilivaa viatu. Sikuwa na sababu nyingine zaidi ya kwamba nilichoka kukaa.

Tulitoka Nkuhungu tukapita kaskazini, kwenye mashamba yaliyokuwa yanaanza kulimwa, hadi upande wa Msalato ambako siku hizi pana uwanja mpya wa ndege, na wakati huo palikuwa na miiba, mashamba ya uwele na bwawa la msimu lililozungukwa na matete. Ardhi ilikuwa inanukia mvua. Mwalimu alitembea bila kusema, kisha husimama ghafla, na mimi nyuma yake nikajifunza kusimama. Alinionyesha mbayuwayu waliojipanga kwenye waya wa simu. Akanionyesha keremkerem wenye rangi za kitenge, na kozi wadogo waliokuwa wakielea juu ya kumbikumbi na kuwadaka kwa miguu. Niliposhika darubini mara ya kwanza sikuona kitu ila kope zangu. Alinirekebishia, akasema, "Usiwatafute. Tulia, watakuja wenyewe machoni." Nikatulia. Akaingia korongo mweupe, ncha za mabawa nyeusi, mdomo mwekundu, anatembea kwa heshima zake nyuma ya mwanamke aliyekuwa analima, anaokota viwavi kwenye udongo uliogeuzwa. Mwanamke hakushtuka wala korongo hakushtuka. "Huyo miezi michache iliyopita alikuwa juu ya paa la nyumba ya mtu huko Ulaya," Mwalimu alisema. Nikauliza nani aliyemwelekeza njia. Alifikiri, kama mwalimu anayetafuta jibu la kwenye kitabu, kisha akaliacha. "Wanaondoka tu," alisema. "Wakifika hapa hawamjui mtu, lakini wanakula." Sijui kama alikusudia kunifariji. Nilirudi nyumbani na mbigili kwenye soksi, nikala kuliko nilivyokuwa nimekula tangu nije Dodoma.

Tukawa tunakwenda kila Jumapili. Majirani walisema walichosema, na nilikisikia, kwa kuwa Nkuhungu ile hakukuwa na cha kuficha. Mama Ndahani hakupenda kusikia habari za nyumba yake kwa watu, akauliza mwenyewe, hapo hapo kwenye sinia. "Mwalimu, binti wa watu unampeleka porini kutazama nini?" Mwalimu akasema, "Ndege, mama." Mama akanigeukia mimi. Nikasema, "Kweli, mama, ni ndege." Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaona hatuna uongo, akacheka hadi akashika ubavu. "Mimi ndege nawatazama kila siku, na sijawahi kuwavalia viatu!" Shamba lake lilikuwa huko huko Msalato, karibu na lile bwawa, na pembeni mwa shamba alikaa dada yake mkubwa, Bibi Damari, peke yake kwenye tembe la udongo. Ikawa desturi kwamba tukishazunguka tunakwenda kukaa kivulini mwa nyumba yake hadi Mama Ndahani aje kutoka kanisani. Bibi Damari alikuwa mzee mwembamba wa kucheka, anamumunya ubuyu mchana kutwa, Kiswahili chake cha maneno machache. Yeye alimwita Mwalimu mkwe, na mimi akaniita kijukuu. Nilimsalimu "shikamoo, bibi," naye anaitika "marahaba" halafu anadai nimsalimu tena kwa Kigogo. "Mbukwenyi," nasema, na matamshi yangu yanamfurahisha kwa siku nzima. Alitega ndege wadogo kwa nyavu, akawabanika kwa chumvi, akatugawia. Nyama ilikuwa haba mwaka ule. Mwalimu aliwala bila kinyongo, mifupa na vyote. Watu waliokuja kumwona baadaye kama mtu aliyewapenda ndege kuliko binadamu hawakuwahi kumwona kwa Bibi Damari.

Uwele ulipoanza kutia maziwa kwenye masuke, wakaja kweleakwelea. Asiyewahi kuwaona akisikia ndege mdogo kama shomoro atauliza wanaweza kula kiasi gani. Wanakuja kama moshi wa kichaka kinachoungua, moshi unaojikunja na kugeuka, na wakitua shamba linainama. Wakiinuka masuke yamebaki vijiti. Mama Ndahani aliwahi shambani kabla ya jua, akapanda kwenye dungu, lile jukwaa la miti la kulindia, akapiga debe, akarusha udongo kwa kombeo, akapiga kelele mpaka jioni ndege walipokwenda kulala kwenye matete ya bwawa. Nilikwenda kumpokea asubuhi kabla ya kazi, nikafika ofisini miguu ina umande na mikono inanuka kutu ya debe. Mwalimu alikwenda akitoka shule. Ndiyo, naye alipiga debe. Alichapa mjeledi hewani akapiga kelele kwa Kihaya, na Bibi Damari kwenye kona yake akamjibu kwa Kigogo. Hata hivyo shamba lilikuwa linapungua mbele ya macho yetu. Mama Ndahani alipoteza sauti. Jioni alikaa uani na kijiko mkononi akasahau alichokuwa anakoroga. Nimechoka mara nyingi maishani, nimeuguza, nimezaa, nimestaafu bila kupumzika, lakini uchovu wa mwezi ule ndio ninaopimia uchovu mwingine wote.

Habari za ndege ya kunyunyizia sumu nilizileta mimi, kwa kuwa tangazo lilipita mezani kwangu kuchapwa. Ilikuwa habari ya watu wote, wala haikuwa siri. Nikaisema kwenye chakula. Ndege itakuja, itanyunyizia matete jioni kweleakwelea wakishalala, na kesho yake mtu yeyote asiokote ndege waliokufa. Mama Ndahani aliinua mikono juu ingawa ilikuwa na mlenda. Alikuwa miongoni mwa wale waliokwenda kwenye mkutano kuiomba ndege hiyo, akasimama mbele ya viongozi na kusema kwa sauti yake iliyokauka. "Mungu mkubwa," alisema. Mwalimu alirudisha tonge kwenye sinia. "Mama, na wengine wanalala mle mle," alisema. "Korongo wanalala kwenye miti ya pembeni pale. Kozi pia. Wamekusanyika, karibu wanaondoka kurudi kwao. Wangesubiri kidogo tu."

"Wasubiri nini, Mwalimu?"

"Wapite, mama. Wale ndio waliokula viwavi shambani kwako."

"Korongo sina ugomvi nao," Mama Ndahani alisema. "Lakini mimi nikisubiri kidogo nitakula nini? Wewe una mshahara. Korongo wako wana kwao. Mimi kwetu ni hapa."

Siku iliyofuata nilimwona Mwalimu amekaa kwenye benchi la ofisi yetu, kofia mapajani, anasubiri kumwona afisa aliyehusika na ile ndege. Waliongea kwa heshima, mlango ukiwa wazi. Afisa alimwambia kwamba rubani ana wilaya nyingine zinazomsubiri, na njaa haina subira, na yote mawili yalikuwa kweli. Mwalimu akashukuru, akaondoka. Lakini mji ule ulikuwa mdogo. Kabla ya jioni Mama Ndahani alishasikia kwamba mpangaji wake amekwenda kuizuia ndege. Hakumgombeza. Alimpakulia chakula chake kwenye sahani, akaiweka kizingitini kwa mlango wake, akarudi kula na mimi. Tukala wawili kwenye sinia la watatu. Ilikuwa hivyo hadi siku ya ndege. Nilikuwa kati ya watu wawili niliowapenda, kila mmoja ana haki yake, na hakuna aliyenitaka niseme lolote. Kusikiliza ukimya wa chumba cha kushoto na wa chumba cha kulia kulinichosha kuliko debe.

Gari la matangazo lilipita barabara kuu, likasema kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili, kisha likaenda zake. Mashambani halikuingia. Ndege ilikuja jua likiwa linazama. Tulisimama kwenye kona ya shamba, Mama Ndahani upande mmoja, mimi na Mwalimu upande mwingine, tukaitazama ikishuka chini sana juu ya matete na kuacha utepe wa ukungu, ikageuka, ikarudia. Upepo ulibadilika katikati ya kazi, nikausikia shavuni, na ule ukungu ukasogea taratibu kuelekea kwenye miti. Mwalimu alivua kofia. Mama Ndahani hakumtazama.

Kulipokucha tulikwenda, mimi na Mwalimu. Nilitegemea kimya, kumbe kulikuwa na watu wengi. Kweleakwelea walikuwa wamelala chini wamebebana, wengine bado wanatingisha bawa, na watu walikuwa wanawazoa kwa vikapu na magunia, wanafurahi, kama walivyofurahi miaka yote wanapowapata kwa nyavu. Nyama ya bure, wakati wa shida. Chini ya miti korongo walikuwa wamekaa chini kama kuku wanaotamia, vichwa vinayumba. Mwalimu alipiga magoti, akamwinua mmoja, shingo ikamlalia mkononi. Nilidhani atalia. Alimweka chini kwa uangalifu, akawatazama wale watu na magunia yao, akaanza kukimbia. "Msile! Wana sumu! Mwageni!" Watu walimwangalia. Alikuwa mtu wa mjini, mwenye kofia, aliyejulikana sasa kwa kuwatetea ndege. Mzee mmoja alimwambia kwa upole, "Mwalimu, wewe unawaonea huruma. Sisi tuna njaa." Wakaendelea kuokota.

Mama Ndahani alitokea njiani akiwa na kanga yake ya kanisani, anakuja kutazama shamba lake. Mwalimu alimwendea moja kwa moja, ingawa hawakuwa wamesemezana kwa siku kadhaa. "Mama," alisema, anahema, "mimi hawanielewi. Sema wewe." Mama Ndahani alitazama magunia. Sijui ilimchukua muda gani, lakini uso wake niliuona ukibadilika. Kisha akapiga kelele. Sauti iliyokuwa imekufa kwa mwezi mzima ilimrudia, kwa Kigogo, ikafika hadi ng'ambo ya bwawa. Alikwenda kwa yule mzee akamnyang'anya gunia akalimwaga. Akaenda kwa mwingine. Walimsikiliza, kwa sababu alikuwa mwenzao na ndiye aliyeitaka ile ndege. Mwalimu akachimba shimo kwa jembe la kuazima, akawa anazoa ndege kwa mikono mitupu na kuwatia humo. Nilimwambia afunge kitambaa mikononi. Akasema ndiyo, akasahau.

Tulikuwa tumeshamwaga magunia mengi Mama Ndahani aliponyamaza ghafla, akaita, "Damari." Dada yake hakuwepo kati ya wale watu. Tulikimbia. Bibi Damari alikuwa ameketi ameegemea ukuta wa tembe lake, jasho linamtiririka kama mtu aliyetoka mvuani, mate yanamdondoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Alikuwa na desturi ya kuamka kabla ya watu wote. Kando ya mafiga palikuwa na mifupa midogo na chumvi kwenye kifuniko. Alituona, nadhani alitutambua, kwa kuwa alijaribu kucheka. Mwalimu alimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata mkokoteni wa ng'ombe, Mama Ndahani akampakata kichwa njia nzima akimwita kwa jina walilomwita utotoni. Alifariki kabla hatujafika zahanati. Ng'ombe waliendelea kutembea kwa sababu hakuna aliyewasimamisha.

Siku iliyofuata Mwalimu mwenyewe alianguka shuleni mbele ya wanafunzi wake. Ngozi ya mikono ilikuwa imeinywa ile sumu mchana kutwa. Walimlaza hospitali, wakamchoma sindano, akarudi nyumbani amekonda, mikono inamtetemeka kiasi cha kushindwa kufunga vifungo. Ofisini wakasema tangazo lilitolewa, na kweli lilikuwa limetolewa. Nilikaa na taipureta yangu, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi jambo linavyoweza kutolewa na lisifike. Hilo ndilo lililonifanya niombe kuhamia kazi ya kwenda vijijini, ambayo nimeifanya mpaka kustaafu, nikikaa na watu kwenye mikeka yao na kuwaambia mambo kwa mdomo, mara mbili, mara tatu, hadi mwenye usingizi aelewe. Watu walinisifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu.

Baada ya maziko Mama Ndahani hakusali tena kwa sauti. Kulia kwangu kukawa kimya kabisa, na kushoto nikamsikia Mwalimu akitapika. Jioni moja nikasikia nyayo za Mama Ndahani zikipita mbele ya mlango wangu, kikombe kikigonga kizingiti, na mlango wa Mwalimu ukifunguka. Ukuta ulikuwa ule ule ulioishia katikati.

"Mwalimu."

"Naam, mama."

"Mimi ndiye niliyeitaka ile ndege."

"Kila mtu aliitaka, mama. Shamba lingekwisha."

"Wewe hukuitaka."

"Mimi niliwalilia korongo," Mwalimu alisema. "Bibi Damari sikumfikiria. Hata kidogo."

Nilisikia kiti kikivutwa. "Basi kunywa uji," Mama Ndahani alisema. "Nitakushikia kikombe."

Mwalimu alipopata nguvu za kutembea tulikwenda tena Jumapili moja, safari hii watatu. Mama Ndahani hakueleza kwa nini hakwenda kanisani, nasi hatukuuliza. Alibeba ule mfuko wa turubai kwa kuwa Mwalimu aliishiwa pumzi haraka. Tulikaa juu ya mwinuko mbali na bwawa. Joto lilipopanda, korongo waliobaki waliinuka kutoka mashambani wakaanza kuzunguka, juu zaidi, juu zaidi, bila kupiga bawa. Mama Ndahani aliomba darubini. Alitazama mpaka mikono ikachoka. "Mbona wachache?" aliuliza.

"Wengine walishatangulia," Mwalimu alisema.

"Na wengine wamebaki hapa," Mama Ndahani akasema, akamrudishia darubini yake.

Mwalimu alipata uhamisho mwisho wa mwaka, tukaandikiana mwanzoni, kisha tukaacha, kama watu wanavyoacha. Hapo msibani sikumuuliza nani alikuwa na haki. Nimeshaulizwa swali hilo na vijana wa semina, wenye kompyuta zao, wanaotaka jibu la upande mmoja, na nimechoka kuwakatisha tamaa. Uwele wa Mama Ndahani mwaka ule ulipona. Si wote, lakini ulitosha. Tulikwenda kuuvuna sote, tukaupura, tukaupeta, na katika siku zote hizo alifanya kazi bila kunyanyua kichwa, hasa tulipofika kona iliyotazamana na lile tembe tupu. Unga wa kwanza aliusaga, akausongea ugali, akatoa sinia lile moja. Tulinawa. Tukakaa. Mvuke ulikuwa unapanda na hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Ndahani aliutazama ugali kama anayemtazama mtu asiyemjua vizuri, machozi yakimshuka bila sauti, mikono ameifunga kwenye kanga. Nilikuwa mdogo kuliko wote, sikujua la kufanya. Mwalimu ndiye aliyemega. Mkono ulimtetemeka hata tonge likataka kumponyoka. Akalishika kwa mikono yote miwili, akalichovya kwenye mlenda, akamwekea Mama Ndahani kiganjani. "Kula, mama," alisema. "Tukilala na njaa hatutakuwa tumemrudisha." Alilishika kwa muda, kisha akala. Tukala na sisi, polepole, mpaka sinia likawa tupu, wala hakuna aliyesema kwamba ni mtamu.